Kiharusi Kinachoanzia Shingoni

Aliyewahi kushika miguu ya mbuzi asubuhi ya Idi Kubwa ameiona mishipa hii kwa macho yake. Mchinjaji hakati popote tu. Anakata koo, anakata umio, na anahakikisha mishipa miwili ya pembeni nayo imekatika, mmoja kulia na mmoja kushoto. Ikishakatika, mnyama hakawii kupoteza fahamu, kwa sababu damu iliyokuwa ikipanda kwenye ubongo sasa inamwagika mchangani.

Na sisi tunayo. Weka vidole viwili kando ya kongomeo, chini kidogo ya taya, upande mmoja tu, wala usibonyeze sana. Kile kinachodunda ndicho. Madaktari huuita mshipa wa karotidi, jina lililotoka katika neno la Kigiriki lenye maana ya kulevya au kulaza usingizi, kwani watu wa kale walikuwa wamegundua kwamba ukiibana mishipa hii miwili mtu huzimia. Ubongo wa mtu mzima ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote inayotumiwa na mwili. Sehemu kubwa ya oksijeni hiyo hupita hapo ulipoweka vidole.

Nimeandika makala haya kwa sababu ya jambo lililotukuta nyumbani, nitalieleza mbele. Kwanza tuuelewe mshipa wenyewe, maana ukiuelewa, mengi yanayosemwa barazani na kwenye WhatsApp kuhusu kiharusi yatajipanga yenyewe, ya kweli huku na ya uongo kule.

Panda ya manati

Karibu na usawa wa kongomeo, kila mshipa hugawanyika njia mbili kama panda ya manati. Tawi moja hulisha uso, ulimi na ngozi ya kichwa. La pili huingia ndani ya fuvu, likalisha ubongo na jicho la upande huohuo. Lishike hilo la jicho, tutarudi kwake.

Ugonjwa hupenda kukaa hapo kwenye panda. Sehemu iliyonyooka damu hupita kwa mwendo mmoja, laini, na ukuta wa mshipa hustawi kwa mwendo huo. Kwenye panda mshipa hutanuka kidogo, na damu ya ukingoni hupunguza kasi, ikazunguka, hata ikarudi nyuma kidogo kabla ya kuendelea. Simama Bandari ya Kale ya Mombasa maji yanapogeuka uangalie takataka. Makuti na chupa za plastiki hazikusanyiki katikati ya mkondo, zinakusanyika nyuma ya kona ya ukuta, pale maji yanaposita. Katika mshipa, chembe zinazotandika ukuta wa ndani hulegea mahali damu inaposita, na zikilegea huruhusu mafuta kupenya. Mafuta hayo ni kolesteroli mbaya, ile inayoandikwa LDL kwenye karatasi ya maabara.

Hapa ndipo mfano uliozoeleka unapotupoteza. Tumezoea kuambiwa mishipa huziba kama bomba la maji. Mombasa mfano huu unakubalika haraka, maana maji yetu ya visima huacha ukoko mweupe ndani ya birika, na kila mtu ameukwangua. Basi mtu hudhani mafuta nayo yameganda juu ya ukuta wa mshipa vivyo hivyo, na kwamba kikipatikana kitu kikali cha kunywa, yatayeyuka yatoke.

Sivyo. Mafuta hayakai juu ya ukuta, yanaingia ndani ya ukuta. Mwili unayaona kama adui, unatuma chembe nyeupe za damu ziyale. Zinakula mpaka zinavimbiwa, zinafia humohumo, na nyingine zinakuja. Mwili unajaribu kuifunika fujo hiyo kwa utando wa nyuzi, na miaka ikienda chokaa nayo inajijenga ndani. Kitu hiki kinaitwa plaki. Ukitaka mfano, kinafanana na jipu kuliko ukoko wa birika: uji ndani, ngozi juu.

Na kama ilivyo kwa jipu, swali kubwa ni je, ngozi yake ni nene au nyembamba?

Plaki iliyozeeka, ngumu, yenye ngozi nene, yaweza kuubana mshipa sana na isimsumbue mwenyewe kwa miaka. Plaki changa, laini, yenye ngozi nyembamba, yaweza kuwa haijabana sana, lakini ngozi ikipasuka, damu inakutana na ule uji na kudhani kuna jeraha. Kazi ya damu ikiona jeraha ni kuganda. Vipande vya damu iliyoganda vinachukuliwa na mkondo, vinapanda juu, mishipa inazidi kuwa myembamba, mpaka kipande kimoja kinakwama. Sehemu ya ubongo iliyo mbele ya hapo inakosa damu. Viharusi vingi vya shingoni huja hivyo, kwa kipande kilichomeguka, kuliko kwa mshipa kubana taratibu mpaka ukaziba.

Ndiyo maana kuna watu ambao karotidi moja imeziba kabisa, asilimia 100, nao hawajui, wanaenda sokoni Kongowea na kurudi. Mwaka 1664 daktari wa Kiingereza Thomas Willis alieleza mduara wa mishipa ulio chini ya ubongo, unaounganisha njia za kulia, za kushoto na za nyuma. Fikiria kisiwa chetu cha Mombasa: barabara ya Makupa ikifungwa, mji haufi njaa siku hiyohiyo, malori yatazunguka yaingie kwa daraja la Nyali. Mshipa ukijifunga polepole, mduara huo hupata muda wa kuzoea kupitisha damu kwa upande wa pili. Si kila mtu amezaliwa na mduara uliokamilika, lakini, na hakuna anayeweza kujua wake ukoje kwa kujitazama kwenye kioo.

Kikombe cha kahawa

Ami yangu hukaa baraza moja huko Majengo baada ya sala ya alasiri. Siku hiyo muuza kahawa alikuwa amekwisha mmiminia, dele bado liko mkononi, na Ami akanyoosha mkono wa kulia kupokea. Kikombe kilimponyoka. Wenzake walicheka, wakamwambia amezeeka. Akataka kuwajibu, maneno yakatoka yamevurugika, kama mtu anayesema na kokwa ya tende mdomoni. Kicheko kikakatika. Mmoja akamsugua mkono kwa mafuta ya karafuu, mwingine akamsomea. Dakika kumi baadaye mkono ulirudi, ulimi ukarudi, akaomba kikombe kingine akanywa.

Wakasema ni upepo umempitia.

Jioni tulimpeleka zahanati moja, ambayo sitaitaja. Walimpima presha, wakaiona imepanda, wakamdunga sindano ya vitamini na kumwambia apumzike. Siku ya tisa aliamka hawezi kusogeza mkono wala mguu wa kulia, na maneno hayakurudi tena kwa dakika kumi.

Kilichomtokea barazani kina jina: kiharusi cha kupita. Kipande kidogo cha damu kimekwama, kisha kikayeyuka au kikasogea, na ubongo ukapata damu yake kabla haujafa. Aghalabu hudumu dakika chache na mara nyingi hakizidi saa moja. Upande wa mwili huwa kinyume na upande wa mshipa, kwa kuwa nusu ya kushoto ya ubongo ndiyo inayoongoza mkono wa kulia. Kwa walio wengi, hiyo ya kushoto ndiyo pia yenye maneno. Mkono wa kulia wa Ami pamoja na ulimi wake vilikuwa vinaelekeza kidole kwenye karotidi ya kushoto, mbele ya watu sita, na hakuna kati yetu aliyejua kusoma.

Dalili nyingine inayosahaulika zaidi ni ya jicho. Mtu anasema aliona kama pazia linashuka juu ya jicho moja, giza, kisha likapanda. Halina maumivu. Anakwenda kwa muuza miwani. Lakini kumbuka lile tawi: jicho hunywa maji ya mfereji mmoja na ubongo wa upande wake. Jicho huwa ni upande uleule wa mshipa, mkono ni upande wa kinyume. Mwaka 1951 daktari wa Kanada, Charles Miller Fisher, alionyesha kwamba viharusi vingi vilivyodhaniwa kuanza ndani ya kichwa chanzo chake kilikuwa mshipa wa shingo, na kati ya mambo yaliyomwelekeza ni wagonjwa waliosimulia upofu wa kupita wa jicho moja kisha wakapooza upande wa pili wa mwili. Wachunguzi wa maiti wa wakati huo mara nyingi walifungua fuvu na kifua, shingo wakairuka.

Sasa hesabu ambayo natamani kila baraza Mombasa ingeijua. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000, kati ya watu 100 waliofika hospitali na kiharusi cha kupita, karibu 10 walipata kiharusi kamili ndani ya siku 90, na nusu ya hao ndani ya siku 2 za mwanzo. Mwaka 2007 watafiti wa Oxford, Uingereza, wakaonyesha upande wa pili: wagonjwa wa namna hiyo walipoanza kutibiwa kwa haraka, siku hiyohiyo badala ya kungoja, idadi ya waliopata kiharusi ndani ya siku 90 ilishuka kutoka karibu 10 kwa kila 100 hadi 2. Dawa zilikuwa ni zilezile za kawaida. Kilichobadilika ni siku ya kuanza.

Kwa hiyo dalili zikiisha, safari ya hospitali haijaisha. Ndiyo imeanza. Mwambie mtu atabasamu, utazame kama mdomo umeenda upande. Mwambie anyooshe mikono yote miwili, utazame kama mmoja unashuka. Mwambie aseme jina lake na la mamake. Likiharibika moja, tazama saa na uiandike, kwa maana daktari atauliza saa ngapi alionekana mzima mara ya mwisho. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu wakati huo, basi. Kwa mtu wa Likoni mwenye kivuko katikati, au wa Mtwapa saa ya msongamano, saa hizo ni chache mno kuzipoteza kutafuta mafuta ya kusugua. Itafutwe hospitali yenye mashine ya skani ya kichwa, hata kama kuna zahanati iliyo karibu zaidi.

Na usimpe aspirini nyumbani. Najua wapo wanaoiweka mfukoni kwa ajili hiyo. Aspirini husaidia kiharusi cha mshipa kuziba, lakini ipo aina nyingine ya kiharusi, mshipa unapopasuka na damu kuvuja ndani ya ubongo, na kwa nje mbili hizi hazitofautiani. Skani ndiyo inayotenganisha.

Shingo, moyo na miguu

Watu huuliza, kama plaki iko shingoni, moyo unaingiaje? Unaingia kwa sababu ugonjwa ni mmoja. Kolesteroli, presha, sukari na sigara haviendi shingoni peke yake. Vinazunguka na damu, vinafika kila panda ya mishipa mwilini, na mishipa inayolisha moyo ina panda nyingi. Mtu aliyeonekana ana plaki shingoni, uwezekano ni mkubwa anayo moyoni pia, na pengine kwenye miguu, ile inayomfanya asimame kila baada ya hatua mia kwa maumivu ya shavu la mguu kisha aendelee.

Tofauti yake ni namna inavyoumiza. Mshipa wa shingo ni mpana, milimita 6 hivi, kwa hiyo plaki ikipasuka, damu iliyoganda aghalabu haiuzibi palepale, vipande vinasafiri kwenda juu. Mishipa ya moyo ni myembamba, karibu nusu ya hapo. Plaki ikipasuka, bonge la damu linaweza kuziba papo hapo, na huo ndio mshtuko wa moyo. Shingoni hatari ni kipande kinachosafiri, moyoni ni bonge linalobaki.

Matokeo yake yanashangaza watu wengi: mtu mwenye plaki shingoni ambaye hajawahi kuona dalili yoyote ana uwezekano zaidi wa kufa kwa maradhi ya moyo kuliko kufa kwa kiharusi. Shingo ni mahali rahisi kuangalia tu, ngozi ni nyembamba na mshipa uko juujuu. Anayekwambia shingo yako ina plaki anakwambia habari za moyo wako.

Kuna njia nyingine moyo unaingia, na hii huchanganywa sana na ya kwanza. Mapigo ya moyo yakipoteza mpangilio, damu hutuama kwenye chumba cha juu cha moyo, ikaganda, kisha bonge likarushwa na kupanda kwenye ubongo kwa njia hiyohiyo ya shingo. Hapo shingo haina kosa, ni barabara tu. Matibabu nayo ni tofauti, dawa nzito zaidi za kuzuia damu kuganda. Ndiyo maana hospitali nzuri humpima mgonjwa wa kiharusi shingo na moyo vyote viwili.

Wala nisimtie mtu hofu kwamba kila kiharusi cha hapa kwetu kimetoka shingoni. Plaki ya karotidi huhesabiwa katika sehemu ndogo ya viharusi, na imeonekana zaidi kwa watu wa asili ya Ulaya. Kwa watu weusi na watu wa Asia ugonjwa hupenda zaidi mishipa iliyo ndani ya fuvu, na Afrika tuna sehemu kubwa zaidi ya viharusi vya kuvuja damu. Mombasa ni mji wa watu wa asili nyingi, Waswahili, Wamijikenda, Waarabu, Wahindi, wa bara, kwa hiyo daktari hapa hana ruhusa ya kubahatisha. Lakini mizizi inakutana mahali pamoja. Utafiti mkubwa wa nchi 32 uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba mambo 10 yanayoweza kurekebishwa ndiyo yaliyobeba karibu asilimia 90 ya hatari ya kiharusi, na la kwanza kwa ukubwa lilikuwa presha.

Presha. Uchunguzi wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2015 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajapimwa presha hata mara moja maishani.

Je, nikapige skani ya shingo?

Swali hili nimeulizwa na wengi tangu Ami augue, na jibu langu huwaudhi kidogo. Kama huna dalili, hapana. Kapime presha, sukari na kolesteroli kwanza.

Kipimo chenyewe ni kizuri, hakiumi. Unapakwa mafuta baridi shingoni, kifaa kinapitishwa, na mashine ya altrasaundi inapima kasi ya damu. Umewahi kumwagilia bustani ukaziba nusu ya mdomo wa mpira kwa kidole gumba: maji yanaruka kwa nguvu. Damu nayo ikipita mahali palipobana huenda kasi. Chini ya sentimita 125 kwa sekunde kwa kawaida ni salama, ikizidi 230 daktari anashuku mshipa umebana kwa asilimia 70 au zaidi. Hizo ndizo tarakimu zilizo kwenye karatasi unayopewa. Ukiona na unene wa ukuta umeandikwa kwa milimita, usikose usingizi kwa ajili yake, wataalamu wa moyo wa Marekani waliacha kuupendekeza kama kipimo cha kawaida tangu mwaka 2013.

Shida iko kwa mtu mzima asiye na dalili. Jopo la wataalamu wa kinga la Marekani limeshauri mara kadhaa, mara ya karibuni 2021, watu wa namna hiyo wasipimwe shingo kiholela. Wengi hawana kitu. Baadhi wataambiwa wana kitu kumbe hawana. Wachache watapelekwa upasuaji, na upasuaji wa mshipa huu wenyewe unaweza kuleta kiharusi. Kwa mwenye plaki asiye na dalili, anayemeza dawa zake vizuri, hatari ya kiharusi upande huo siku hizi ni kama asilimia 1 kwa mwaka. Ni vigumu kisu kushinda hapo.

Kwa aliyepata dalili hesabu inageuka. Upasuaji uliofungua njia ulifanyika London mwaka 1954, kwa mwanamke wa miaka 66 aliyekuwa akipatwa na viharusi vya kupita mara kwa mara. Lakini ilichukua hadi 1991 kupata ushahidi usio na shaka. Katika jaribio la Amerika Kaskazini, kati ya wagonjwa 100 waliokuwa na dalili na mshipa uliobana asilimia 70 hadi 99, waliopewa dawa tu, 26 walipata kiharusi upande huo ndani ya miaka 2. Waliopasuliwa na plaki ikatolewa, 9. Upasuaji unafaa zaidi ukifanywa ndani ya wiki 2 za dalili. Kwa mshipa uliobana asilimia 50 hadi 69 faida ipo, ila ni ndogo, na ulioziba kabisa hauguswi. Njia nyingine ni kuingiza kimirija cha waya kupitia paja na kuutanua mshipa kwa ndani, nayo ina wagonjwa wake. Ieleweke pia kwamba jaribio la 1991 lilifanyika kabla dawa za kolesteroli hazijaenea, kwa hiyo dawa za leo zina nguvu kuliko zile zilizopoteza mashindano hayo.

Karotidi ya kushoto ya Ami ilikutwa imebana asilimia 60 hivi, plaki laini. Si nyingi. Iliyompasukia ni hiyohiyo. Madaktari walizungumza naye na wanawe, wakakubaliana kwenda na dawa.

Dawa hizo si siri. Ya kuzuia damu kuganda, ya presha, na ya kolesteroli iitwayo statini. Kuhusu statini maneno ni mengi mitaani, kwamba inaharibu ini, kwamba ukianza huwezi kuacha. Maumivu ya misuli yapo kwa baadhi, madhara ya ini ni nadra, na daktari anaweza kubadilisha aina au kipimo. Kinachotafutwa ni kuishusha LDL. Utafiti wa Ufaransa na Korea Kusini uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba wagonjwa wa kiharusi wenye plaki walioshushwa LDL chini ya milimoli 1.8 kwa lita walipata viharusi na mishtuko ya moyo michache kuliko walioachwa kati ya 2.3 na 2.8. Mafuta ndani ya jipu yanapungua, ngozi yake inakuwa nene. Hapo ndipo inapoonekana kwa nini kitunguu saumu na ndimu asubuhi, ambavyo mimi navipenda kwa chakula, haviwezi kusafisha mishipa: kilicho ndani ya ukuta, chini ya ngozi, hakisuguliwi na kinachopita.

Chakula kina kazi yake, na sitamwambia mtu wa Mombasa aache tui. Ningemwambia apunguze samli na mafuta ya kuganda, asirudie mafuta ya karai siku ya tatu, na azitazame chumvi zilizojificha: papa, ng'onda, achari, chumvi inayonyunyizwa juu ya viazi karai kabla hujaonja. Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, kijiko kimoja cha chai, kwa kila kitu ulichokula. Sigara na shisha sina upole navyo, vinachubua ukuta wa mshipa moja kwa moja. Muguka nao, majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, ambao kaunti yetu ilijaribu kuupiga marufuku mwezi Mei 2024 na mjadala ukahamia kwenye biashara na siasa, una kemikali inayopandisha presha na mapigo ya moyo kila unapotafunwa. Kijana wa miaka 30 anayetafuna usiku kucha na sigara juu yake anaijenga plaki yake mapema.

Mwisho kuna jambo la kinyozi. Ule mtindo wa kumalizia kunyoa kwa kuipinda shingo mpaka ilie kwa ghafla unaweza kuchana utando wa ndani wa mshipa, hata kwa kijana asiye na plaki wala presha, na damu ikaganda kwenye mchano huo. Hutokea mara chache. Mimi humwambia kinyozi wangu aishie kwenye poda.

Ami hutembea sasa, kwa fimbo. Maneno yamerudi, isipokuwa majina ya watu, hayo humchelewa. Kikombe anapokea kwa mkono wa kushoto, na muuza kahawa amekwisha zoea kumpa upande huo. Shabani ilipoingia aliomba apelekwe kwa daktari kabla ya mfungo, kwani mwaka wa nyuma aliziacha dawa za presha mwezi mzima akidhani funga na vidonge havipatani. Daktari akamchagulia zinazomezwa mara moja kwa siku, akampangia. Za kolesteroli na damu alizimeza baada ya futari, kabla hajaondoka kwenda tarawehe. Ya presha ilingoja daku, ndani ya kisahani, kando ya tende.